Gongo la Wifi

Siku Msimamizi aliyewekwa na serikali alipokusanya silaha zote za Kisima Namba Sita, alipita kambi kwa kambi na lori la maji, na watu wakatupia humo mikuki, ngao, bumerangi na vibao vya kurushia mikuki. Wanaume walitupa huku wakitazama pembeni. Wanawake nao walitoa kuturu zao, yale magongo marefu ya mti wa mulga yenye ncha mbili, ambayo mwanamke wa Kiwarlpiri, kabila la wenyeji wa jangwa la Australia, hulala nayo ubavuni. Msimamizi akafungia kila kitu ghalani kando ya magunia ya unga, akautundika ufunguo shingoni, akatangaza kwamba kuanzia siku ile Kisima Namba Sita ni mahali pa amani.

Amani gani! Ugomvi wenyewe uliomfanya apige marufuku silaha ulikuwa mzima, haujaguswa, na sasa ulikuwa umefungiwa ghalani pamoja na magongo.

Ulikuwa ugomvi wa Nungarrayi na wifi yake, Nangala. Mume wa Nungarrayi, kaka yake Nangala, alikuwa amefia hospitali mjini. Kule jina la marehemu halitajwi, wala hapa lake halitatajwa. Ndege ya wagonjwa ilipokuja kumchukua, nesi alisema nafasi ni ya mgonjwa tu, na Nungarrayi akabaki amesimama kwenye vumbi ameshika blanketi ya mumewe. Kilichorudi ni habari tu. Siku ya msiba Nangala alimjia na kuturu mkononi, uso umepakwa udongo mweupe, akipiga kelele kambi nzima isikie.

"Ulimwacha kaka yangu! Amekufa katikati ya watu wasiojua hata kumlilia! Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unakaanga nini?"

Nungarrayi alifanya linalompasa mke wa marehemu. Hakukimbia, hakujitetea, hakusema habari za nesi. Aliinama akatoa kichwa. Nangala akainua gongo kwa mikono miwili, na kabla halijashuka, Msimamizi akatokea nyuma akalidaka. Alidhani anaokoa maisha. Gongo likanyang'anywa likiwa hewani, na pigo lililokuwa lishuke halikushuka. Mambo yakaharibikia hapo.

Maana mjane wa kule hasemi. Tangu siku ya msiba kinywa chake hufungwa, na yote aliyonayo huyasema kwa mikono: njaa, matusi, salamu, hata utani. Wenye kumfungua ni upande wa mumewe. Muda ukitimia, dada wa marehemu huchukua chakula, akampitishia mjane midomoni, na sauti inarudi kwa mwenyewe. Wajane waliofiwa msimu mmoja na Nungarrayi walikuwa wameshafunguliwa zamani, wanagombana kwa sauti kubwa kama watu wengine. Nungarrayi peke yake ndiye aliyebaki kimya kwenye kambi ya wajane, nywele zimekatwa, mikono imechoka kusema.

"Gongo langu liko ghalani," Nangala aliwajibu waliokwenda kumsihi. "Likitoka, na kinywa chake kitafunguka. Nimfungue vipi mtu ambaye hatujamalizana?"

Nungarrayi asingelalamika sana kama si mjukuu. Binti yake Nampijinpa alikuwa amejifungua mtoto wa kike katikati ya ukimya ule. Mtoto alishaota meno mawili ya chini, alishajua kutambaa na kuvuta masikio ya mbwa, na sauti ya bibi yake hajawahi kuisikia. Akiwekwa mapajani kwa Nungarrayi, alitazama mikono, hakutazama uso. Alidhani bibi ni mikono. Nungarrayi aliliona hilo na likamuuma kuliko posho ndogo, kuliko baridi, kuliko macho ya Nangala yaliyompita kila asubuhi kwenye bomba la maji kana kwamba pale pamesimama ndoo.

Msimamizi naye alikuwa na haja na kinywa kilekile. Siku moja alimwita ofisini. Nungarrayi akaenda na mama yake mkubwa, Nakamarra, bibi mkavu mwenye mdomo, ili amtafsirie mikono.

"Mwambie," alisema Msimamizi, "siku ya posho nataka asimame mbele ya watu wote aseme ugomvi umekwisha. Neno moja tu. Watu wakimsikia yeye, basi, tumemaliza. Na Nangala nitamwamuru amsamehe."

Nakamarra alicheka mpaka akashika meza. "Utamwamuru Nangala? Mume wake mwenyewe ameshindwa."

Mikono ya Nungarrayi ilisema kwa kifupi.

"Anasemaje?"

"Anasema chai yako inapoa," alisema Nakamarra.

Mikono haikuwa imesema habari za chai. Ilikuwa imesema kwamba mtu anayeshika gongo la mwenzake hewani hana adabu, na kwamba akajishikie lake. Msimamizi hakuwa mjinga kabisa, aliona bibi anabana kicheko. Akamgeukia Nungarrayi.

"Mama, una ulimi au huna?"

Nungarrayi akafungua kinywa, akamtolea ulimi wote mpaka mwisho, akaurudisha, akafunga. Kisha akatoka nje.

Nani angemlaumu kama angesema? Wapo waliomshauri hivyo. Jifungue mwenyewe, dunia imebadilika, Msimamizi atakulinda. Nungarrayi aliwatazama tu. Sauti ya namna hiyo angeifanyia nini? Ingekuwa sauti ya wizi. Mjukuu angeisikia, na kambi nzima ingejua kwamba bibi yake anaongea kwa ruhusa ya mtu mwenye ufunguo shingoni. Alitaka sauti yake irudi kwa mlango ulioifungia, na mlango huo ulikuwa Nangala.

Kesho yake alichukua shoka akaenda porini. Alitembea kwenye mulga akigonga shina hili na lile kwa mgongo wa shoka, akisikiliza, mpaka akapata uliosimama wima bila fundo. Akaukata chini kabisa, karibu na mzizi, ambako mti ule ni mwekundu na mzito kama jiwe. Akaubeba begani mpaka kambini, akapita nao katikati, mbele ya ofisi, mchana kweupe. Akaketi kwenye kivuli cha baraza ya ghala la posho, hatua chache kutoka kwenye kufuli yenyewe, akaanza kuchonga.

Mchongaji wa kuturu haendi haraka. Alitoa maganda, akapunguza mwili wa mti kwa shoka huku akiushika kwa vidole vya mguu, vibanzi vyekundu vikimrukia kwenye sketi. Alipofika mahali palipopinda, aliuchomeka kwenye majivu ya moto, akaukandamiza kwa goti, akaupima kwa jicho akitazama kutoka ncha moja hadi nyingine, akaurudisha tena motoni. Watu waliokuja kupanga foleni ya unga walimkuta hapo. Walipita wakijibana ukutani.

Msimamizi akatoka. "Hicho ni nini?"

Nakamarra, aliyekuwa ameketi karibu na kopo lake la chai, alijibu upesi. "Kijiti cha kuchimbia viazi pori, Bwana. Tutakula nini? Unga wako umejaa wadudu."

Na ingepita. Vijiti vya kuchimbia havikupigwa marufuku, na mtu asiyejua hawezi kukitenga na kuturu, mti ni ule ule na ncha ni ile ile. Msimamizi alishaanza kugeuka. Lakini Nungarrayi aliangusha shoka, akainua mikono juu ili aione vizuri, akafanya ishara ambayo hata yeye, kwa miaka aliyokaa pale, aliijua: ngumi mbili zimeshika gongo, zinashuka.

"Mwanangu!" Nakamarra alinong'ona. "Nimeshakutoa, unajirudisha mwenyewe!"

Nungarrayi akairudia ishara, taratibu zaidi.

Msimamizi alinyakua gongo akataka kulivunja kwenye goti lake. Mulga ile haivunjiki kwa goti la mtu. Alijaribu mara ya pili, kwa hasira, na foleni nzima ikasikia mfupa ukilia. Akaondoka anachechemea, gongo mkononi, akalitupa ghalani na mengine, akapiga kelele akiwa mlangoni kwamba posho ya Nungarrayi imekatwa mpaka atakapojifunza.

"Ajifunze nini tena?" alisema mwanamke mmoja kwenye foleni. "Mbona kuchonga anajua?"

Siku iliyofuata Nungarrayi alirudi na mti mwingine, akaketi palepale. Nao ulichukuliwa. Akaleta mwingine. Kwa kuwa alinyimwa unga, Nakamarra alikwenda kuchimba kenge mashimoni na viazi pori, na kila jioni alimwekea mwanawe fungu lake kwenye majivu huku akimsema.

"Kichwa chako hicho! Ukishapata gongo utalificha wapi? Na ukimpiga Nangala nalo, ndugu zake watakupiga wewe, na mimi nitapigwa kwa ajili yako, na nina mgongo mbovu. Umefikiria mgongo wangu?"

Kambi nzima iliwaza hivyohivyo. Nungarrayi anajichongea silaha, ukimya umempanda kichwani, anataka kumtangulia wifi yake. Habari zilimfikia Nangala kwenye moto wake, naye hakuzipokea kwa upole.

"Mwacheni achonge," alisema kwa sauti iliyokusudiwa kuvuka mpaka kambi ya wajane. "Amejifunza lini? Kuturu zake zote alichongewa na mamake. Aje! Mimi nina kijiti cha kuchimbia, kinatosha kwa mtu mfupi kama yule!"

Ilikuwa kweli, Nungarrayi alikuwa mfupi. Nakamarra ndiye aliyegundua kwanza. Lile gongo la mwisho, lililopona kwa kuwa goti lilikuwa limemlaza Msimamizi, lilikuwa limekaribia kuisha, Nungarrayi analikwangua kwa kipande cha chupa mpaka liteleze, na alipolisimamisha kulitazama, ncha ilimpita kichwa kwa mbali. Nakamarra alilitazama gongo, akamtazama mwanawe.

"Hili refu kwako. Utalizungusha vipi? Litakuangusha wewe mwenyewe."

Mikono ikasema: Si langu.

"La nani?"

Nungarrayi hakutumia mikono. Alisogeza midomo kidogo kuelekea upande wa moto wa Nangala.

Nakamarra akageuza gongo taratibu. Mikwaruzo ya kushikia, ile inayochongwa ili mkono usiteleze kwa jasho au damu, ilikuwa imechongwa kwa ajili ya mtu atangulizaye mkono wa kushoto. Nangala alitumia kushoto tangu utoto. Kopo la chai lilimwangukia bibi miguuni, wala hakulisikia.

"Unamchongea yeye? Unamchongea mtu gongo la kukupasulia kichwa chako?"

Lake limefungiwa, mikono ikasema. Amechukuliwa kaka, akachukuliwa gongo pia. Nani atamchongea? Na gongo la wifi halichongwi kwa kudanganya.

"Lakini wewe huna kosa! Ndege haikuwa na nafasi, kila mtu anajua. Yeye mwenyewe anajua!"

Anajua. Uchungu wake haujui. Mikono ikatulia kidogo, kisha ikaendelea. Na wangu pia haujui. Nilibaki na blanketi, mama. Nami nataka kupigwa.

Nakamarra alilia, akamsema, akalia tena. Kisha akafungua kitambaa chake, akatoa donge la mafuta ya kenge aliyokuwa anajiwekea kwa ajili ya mgongo, akaanza kulipaka gongo kutoka juu hadi chini, akichanganya na udongo mwekundu, mpaka likang'aa.

Siku ya posho watu wote walikuja. Msimamizi alikuwa barazani na daftari lake, goti limefungwa bandeji. Nangala alikuja na kijiti chake cha kuchimbia, amekaza kiuno kwa kamba ya nywele, na wanawake wakampisha. Nungarrayi alisimama pale kwenye vibanzi vyake. Kando yake Nampijinpa alikuwa amembeba mtoto; Nakamarra alimwambia yote asubuhi ile na hakuweza kumzuia mama yake.

"Haya!" Nangala aliita. "Umechonga sana, nimekuja. Onyesha!"

Msimamizi alishuka ngazi mbio kwa mguu mmoja. "Leta hapa! Leta hilo gongo!"

Nungarrayi alimpita. Alimpita karibu kabisa, akamfikia Nangala, akalaza gongo juu ya mikono yake miwili, akamnyooshea. Nangala alirudi nyuma nusu hatua. Alidhani ni hila. Kisha macho yake yakatembea juu ya mti: urefu wake, uzito wake katikati, mikwaruzo. Mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe, ukashika, na vidole vikaingia kila kimoja mahali pake.

Alifahamu. Uso wake ulifanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, ulifunguka kama wa msichana. "Wifi," alisema. "Wewe umenifanyia hivi?"

Nungarrayi aliinama akatoa kichwa.

"Msimguse!" Msimamizi alipiga kelele. "Nangala, weka chini! Nitaita polisi, nitawafunga wote!" Akajitupa mbele kulidaka gongo kama alivyolidaka mara ya kwanza. Safari hii hakufika. Wanawake wa foleni walikuwa wamesogea, hakuna aliyeamrishwa, kila mmoja na kijiti chake cha kuchimbia kilichosamehewa na sheria, wakakaa katikati yake na wale wawili, wakamgeuzia migongo. Alisukuma bega hili, akasukuma lile. Yalikuwa mabega ya watu wanaochimba ardhi ngumu kila siku.

"Subiri, Bwana," Nakamarra alimwambia kwa upole kabisa. "Mara ya kwanza ulituharibia. Tazama inavyofanywa."

Nangala aliinua gongo. Likasimama hewani, palepale lile la kwanza liliponyang'anywa siku ya msiba. Kisha likashuka.

Halikuwa pigo la mchezo, na asiseme mtu kwamba lilikuwa la mchezo. Nungarrayi alipiga goti moja chini, damu ikamtoka kwenye nywele fupi ikamfikia kidevuni. Nangala alitoa ukelele mmoja mrefu, ukelele wa msiba, ule aliokuwa ameshikwa nao kifuani tangu habari ilipokuja. Kisha akafanya linalompasa naye. Akampa Nungarrayi gongo, akavua kitambaa cha kichwa, akainama.

Nungarrayi alisimama. Gongo lilikuwa refu kwake, kama alivyojua litakuwa, ikambidi alishike karibu na katikati. Akampiga wifi yake pigo lake moja, la haki, na Nangala akayumba akashika bega la mpigaji asianguke. Hawakuachana tena. Waliketi chini kwenye vibanzi vyekundu, vichwa vimegusana, damu ya huyu kwa yule, wakamlilia yule asiyetajwa kwa sauti zote, mmoja kwa kinywa na mmoja kwa kifua, na wanawake wakalia nao, mpaka mbwa wote wa Kisima Namba Sita wakaingilia.

Walipochoka, Nangala alijifuta pua kwa mkono. "Leteni mkate."

Ukaletwa mkate wa majivu, bado wa moto. Nangala alimega kipande, akampitishia Nungarrayi midomoni, huku na huku, taratibu, halafu akakiweka katikati ya meno yake. Nungarrayi akatafuna. Akameza.

"Basi," alisema Nangala. "Sema, wifi. Kinywa ni chako."

Duara likafunguka, na Msimamizi akapata njia. Kola imechanika, jasho linamtoka, daftari bado analo. "Sasa anaweza kusema? Vizuri. Ninyi wote nyamazeni. Mama, nani amekupiga? Sema jina. Nani kaanzisha haya?"

Nungarrayi alimtazama, akamzunguka kama mtu anavyozunguka kisiki. Alikwenda kwa Nampijinpa akamchukua mtoto. Damu ilimdondokea mtoto kwenye mguu. Mtoto, kama kawaida yake, akashusha macho kutafuta mikono, lakini mikono ilikuwa imemshika yeye, haikuwa na la kusema.

"Jaja," alisema Nungarrayi.

Ni neno la bibi na mjukuu, mkubwa humwita mdogo na mdogo humwita mkubwa vilevile. Lilitoka kavu, limekwaruza, sauti ya mlango wa bati. Mtoto aliinua uso. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta nani amesema. Kisha akaiona midomo. Akanyoosha vidole akaishika, akachungulia ndani, palepale ilipotoka ile sauti.

"Jaja," bibi akasema tena, katikati ya vidole. "Jaja wangu. Ni mimi. Ni mimi siku zote."

"Nimekuuliza swali!" Msimamizi alikuwa nyuma yake. "Nimekuuliza mbele ya watu wote! Mwaka mzima ninakusemesha!"

Nungarrayi aligeuka, mtoto kiunoni. Aliutazama ufunguo uliokuwa shingoni mwake, kisha uso.

"Nimekusikia," alisema. "Mwaka mzima nilikusikia wewe tu. Sasa funga kinywa, na ufungue ghala."

Hakuna aliyecheka. Nangala aliokota gongo lake chini, akalisimamisha kando ya mguu, akaenda kusimama mlangoni kwenye kufuli. Nakamarra akamfuata, mkono mgongoni, halafu yule mwanamke wa foleni, halafu wengine. Msimamizi alifungua kinywa, akatazama nyuso zile, akakifunga. Mkono wake ukapanda taratibu kwenye kamba ya ufunguo.